Shofaji ya motokari haitoi moto: ugonjwa uko wapi?

Ndugu wafanyakazi, katika miezi ya Juni na Julai baridi ya asubuhi huku Katanga inaingia mpaka mifupani. Mtu wa zamu ya kwanza anaondoka nyumbani kungali giza. Watu watatu wanne wanapumua ndani ya motokari, kioo cha mbele kinajaa ukungu, shofere anakipangusa kwa mkono wa koti na kuendelea na safari. Lakini barabarani kuna watu wa miguu, na kuna baiskeli za makala zisizo na taa. Basi, shofaji si kitu cha raha tu. Ni chombo cha usalama, sawa na breki na taa.

Shofaji inafanya kazi namna gani?

Shofaji haina moto wake. Inakopa moto wa motere. Maji yaliyopata joto katika motere yanapita kwa tuyo mpaka kwenye radiateri ndogo iliyo nyuma ya tablo. Vantilateri inapuliza hewa juu yake, nayo hewa inatoka na joto. Motere ya mazutu inachelewa kupata joto, hasa ikiwa imesimama tu. Kwa hiyo endesheni kwanza dakika 15 au 20 mbele ya kusema shofaji ni mgonjwa.

Tafuteni sababu kwa utaratibu

1. Maji. Angalieni asubuhi, motere ikiwa baridi. Maji yakipungua, shofaji inakosa mbele ya vyote. Mkisikia sauti ya maji yanayobwabwaja nyuma ya tablo, hewa imeingia ndani. Jazeni maji na kutoa hewa hiyo. Yakipungua tena kila wiki, kuna mahali yanapovuja.

2. Termostati. Hiki ni kizibo kinachozuia maji kwenda kwenye radiateri kubwa mpaka yapate joto la digri 80 hivi au zaidi. Kuna mafundi wanaoiondoa na kusema: «Nchi yetu ni ya joto, haina kazi.» Hilo ni kosa. Bila termostati motere inabaki baridi, inakula mazutu mengi, inatoa moshi na kuchakaa upesi. Kama sindano ya joto haipandi vizuri, ulizeni kwanza: termostati ingalimo? Kuipima ni rahisi: itieni katika sufuria ya maji juu ya moto. Inapaswa kufunguka maji yanapokaribia kuchemka, na kujifunga yanapopoa.

3. Tuyo mbili za shofaji. Wekeni shofaji kwenye moto, endesheni, kisha zimisheni motere na kugusa tuyo kwa uangalifu.
– Zote mbili ni vuguvugu tu: rudini kwenye maji na termostati.
– Moja ina moto, nyingine baridi: rubine ya shofaji imefungwa, au radiateri ndogo imezibwa na kutu.
– Zote zina moto: maji yanapita vizuri. Angalieni vantilateri, na kamba inayovuta mlango wa hewa.

Radiateri ndogo iliyozibwa inaoshwa motere ikiwa baridi: ondoeni tuyo zote mbili, pitisheni maji safi polepole, kwa kinyume cha njia yake. Msitumie hewa ya kompresa, itapasua. Maji yenye dawa ya radiateri yakusanyeni katika beseni na kuyaweka mbali na watoto: ni sumu, na ladha yake ni tamu.

Zulia likilowa chini ya tablo, au kioo kikipata ukungu wa mafuta wenye harufu tamu, radiateri ndogo imetoboka. Pelekeni motokari kwa fundi.

Hatari za kukumbuka

– Msifungue kifuniko cha radiateri motere ikiwa na moto. Maji yaliyobanwa humo yanaruka usoni na kuunguza ngozi.
– Msiingize mkono karibu na mkanda wa vantilateri motere ikizunguka.
– Msiache motere ikizunguka ndani ya garaji iliyofungwa.
– Msiweke mbabula ya makala ndani ya motokari, hata kidogo. Gesi ya makala haionekani wala hainuki. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, anakufa. Mama, vivyo hivyo katika chumba cha kulala: mbabula ibaki nje.

Mkingoja matengenezo, pangusani kioo kwa kitambaa safi, fungueni dirisha kidogo, wala msiondoke mpaka mwone njia yote. Kuchelewa dakika tano kunasameheka. Mtoto aliyegongwa harudi.

Jipimeni

Kwa nini kuondoa termostati kunaharibu motere? Tuyo moja ikiwa na moto na nyingine baridi, mtatafuta wapi? Jioni hii, mbabula ya nyumbani kwenu italala wapi?