SOMO LA MAKATIBU: MAANA TATU ZA "STAKABADHI GHALANI"

Katika vyama vya msingi vya Mbulu na Hanang, neno "stakabadhi" husikika kila ufikapo msimu wa mbaazi na dengu. Hata hivyo, si wote walitamkao wanaokusudia kitu kimoja, na kutoelewana huko huweza kumpotezea mwanachama jasho la mwaka mzima.

Asili ya jina ni Kiingereza, "warehouse receipt". Kiingereza huunga majina mawili bila kiungo, na la kwanza hulieleza la pili. Kiswahili hutanguliza jambo lenyewe: stakabadhi ya ghala. Watu wengi husema "stakabadhi ghalani", na jina hilo hubebeshwa maana tatu.

Maana ya kwanza ni mfumo wa kuuza mazao. Mfumo huu umewekwa na Sheria ya Stakabadhi za Ghala Na. 10 ya mwaka 2005, na ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008. Mazao hukusanywa, hupimwa, hutunzwa ghalani, kisha huuzwa kwa mnada.

Maana ya pili ni hati. Hutolewa na mwendesha ghala mwenye leseni, nayo hutaja zao, uzito, daraja na mwenye mali. Ina sehemu mbili: hati ya umiliki, ambayo kwayo mali huhamishwa kwa mnunuzi, na hati ya dhamana, ambayo kwayo mkopo huweza kuombwa benki.

Maana ya tatu imezuka kwa mazoea tu. Ni karatasi ya mzani aitoayo karani wa chama. Jina lake halisi ni stakabadhi ya mapokezi. Haithibitishi kwamba mazao yamefika ghala kuu, wala haitoshi kuombea mkopo. Lakini ni ushahidi wa mkulima mbele ya chama chake, asiitupe.

Uchukuliwe mfano. Mkulima wa Dongobesh apeleka kilo 400 za mbaazi chamani. Stakabadhi zote za mapokezi zajumlishwa kuwa kilo 12,000. Ghala kuu laandika kilo 11,940. Kilo 60 ziko wapi? Huenda ni unyevu, mzani mbovu, au mkono wa mtu. Katibu adhaniaye karatasi hizo mbili ni kitu kimoja hataiona tofauti hiyo mpaka siku ya malipo, wakati wanachama wamekwisha kukasirika.

Kwa hiyo inampasa katibu kulinganisha jumla hizo mbili siku ile ile mzigo upokewapo, kuandika tofauti daftarini, na kuieleza kamati kabla ya mnada.

Maswali ya kujadili chamani:
1. Mwanachama aliyepoteza stakabadhi ya mapokezi atathibitishaje haki yake?
2. Mzani wa chama ulikaguliwa lini?
3. Upungufu wa uzito ukitokea, nani aubebe, na kwa uamuzi wa kikao kipi?