Ruhusa ya Safari Ina Tarehe ya Kurudi, Amri ya Kuasili Haina

Tuseme wewe ni mama wa mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa na mgongo wazi, kisha kichwa kikaanza kujaa maji. Baba yake aliondoka zamani. Kituo unakompeleka kwa mazoezi kimekukutanisha na mke na mume kutoka Ulaya, watu wapole, wanaosema watamchukua mtoto akatibiwe kwao. Mbele yako kuna karatasi tatu za Kiingereza na kidau cha wino. Mwenyeji wao anakuhimiza uweke dole gumba, maana ndege ni wiki ijayo.

Usiweke. Kwanza uliza swali moja: mtoto anakwenda kutibiwa, au anaasiliwa? Ni mambo mawili yaliyo mbali kama mashariki na magharibi.

Anayekwenda kutibiwa bado ni mtoto wako. Kuna barua ya hospitali inayomsubiri, jina la daktari, mtu anayelipa gharama, na siku ya kurudi. Kuasili ni jambo jingine kabisa. Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu, na ikishatolewa, haki na wajibu wako kama mzazi huhamia kwa waliomwasili. Wao ndio wataamua jina lake, dini yake, shule yake na kama utamwona tena. Ndiyo maana mahakama hutakiwa kujiridhisha kwamba mzazi aliyeridhia alielewa anachokiridhia. Dole gumba kwenye lugha usiyoijua si kuelewa. Una haki ya kusomewa kila mstari kwa Kiswahili, kupewa nakala, na kusema hapana.

Ulemavu si sababu ya kumtoa mtoto

Wazazi wengi huambiwa: "Huyu hapa hana maisha, mpe wenye uwezo." Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto kinampa mtoto mwenye ulemavu haki ya matunzo maalumu, matibabu na nafasi sawa ya elimu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unakataza kumtenganisha mtoto na wazazi wake kwa sababu ya ulemavu wake au wao. Familia ya karibu ikishindwa, mkataba unataka watafutwe ndugu wa ukoo kwanza: bibi, shangazi, mjomba.

Tena mengi yanayotajwa kuwa ni ya Ulaya yanafanyika hapa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili hufanya upasuaji wa mgongo wazi na kichwa kikubwa, na hospitali ya CCBRT hurekebisha mguu kifundo na mdomo sungura. Kabla ya kukubali kwamba tiba iko ng'ambo tu, omba rufaa na umsikilize daktari mwenyewe, si mwenyeji wa wageni.

Mgeni anatakiwa nini?

Sheria yetu haimkatazi mgeni kuasili. Kwa mtoto asiye na wa kumlea, familia ya kweli ni neema hata ikiwa ng'ambo. Lakini kifungu cha 74 cha Sheria ya Mtoto kimeweka vizingiti ambavyo mtu haviruki:

• Mtoto awe hawezi kupata familia au matunzo yanayofaa hapa nchini.
• Mgeni awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo.
• Awe amemlea mtoto huyo kwa malezi ya kambo kwa miezi 3 au zaidi, chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii.
• Asiwe na rekodi ya uhalifu kwao wala kwingine.
• Awe na mapendekezo ya afisa ustawi wa jamii na ya mamlaka ya nchi anakoishi.
• Aithibitishie mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri hiyo.

Sasa pima wale wageni wa ndege ya wiki ijayo. Walikuja lini? Afisa ustawi wa jamii amewatembelea mara ngapi? Majibu yakikwama, hapo hakuna kuasili. Na ikiwa mtu analipwa fedha ili mtoto atoke, jambo hilo linaweza kuangukia Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008.

Jirani zetu wamejifunza kwa machozi. Nchini Uganda wageni walikuwa wakipata amri ya ulezi tu, wanaondoka na mtoto, kisha wanakamilisha kuasili kwao. Marekebisho ya sheria ya 2016 yakafunga mlango huo: ulezi wa kisheria ni wa raia wa Uganda pekee. Agosti 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili na wakili mmoja wa nchi hiyo, pamoja na mtu mwingine mmoja, kwa madai kwamba wazazi wa vijijini waliahidiwa watoto wao wanapelekwa Kampala kusoma, kumbe wanaandaliwa kuasiliwa. Kenya ilisitisha kuasili kwa wageni mwaka 2014.

Na shangazi aliye Marekani?

Ndugu wa damu naye huhesabiwa kwa uraia. Shangazi aliyechukua uraia wa Marekani ni mgeni mbele ya kifungu cha 74, hata kama kitovu chake kimezikwa Singida.

Akishapata amri, safari haijaisha. Uhamiaji wa Marekani una masharti yake: kwa kawaida ombi la mtoto aliyeasiliwa liwasilishwe kabla hajafikisha miaka 16, na mtoto atapimwa afya kabla ya viza. Kwa hiyo ripoti ya daktari isifiche kitu. Shangazi ana haki ya kujua mtoto anahitaji mpira wa kupitisha mkojo kila siku au upasuaji mwingine baadaye, na mtoto ana haki ya kupokelewa na mtu aliyejiandaa. Akifika, hati za uraia zifuatiliwe mapema. Wapo walioasiliwa kutoka Korea Kusini wakiwa wadogo, wakafukuzwa Marekani wakiwa watu wazima kwa sababu hakuna aliyekamilisha makaratasi yao.

Ufanye nini leo

Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, naye ndiye wa kumfikia kabla ya wakala au kituo chochote. Huna fedha ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada wa bure kwa wasio na uwezo. Ukihisi mtoto, wako au wa jirani, anatoroshwa, piga 116 bila malipo.

Mgeni mwenye nia njema haogopi mahakama wala miaka mitatu. Anayekuharakisha, mwambie arudi na afisa ustawi wa jamii. Wino wake utakauka tu.