Maji ya Chokaa na Namba Niliyoifuta

Muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tumefundishwa namna ya kupima ukolezi wa vimiminika. Nimeona si vibaya kuwaeleza wenzangu wa vidato vya chini, pamoja na wazee wetu wanaosoma gazeti hili, jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Tena nitaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili lisiwapate wengine.

Kwanza, ukolezi ni nini? Mpishi akitia kijiko kimoja cha chumvi katika sufuria ndogo ya mchuzi, na kijiko kingine kama hicho katika sufuria kubwa, chumvi ni ile ile, lakini mchuzi wa sufuria ndogo umekolea zaidi. Mpishi hujua kwa ulimi. Katika maabara kuonja ni marufuku, basi twatumia njia iitwayo titresheni. Twachukua kimiminika tusichokijua nguvu yake, twakitia kidogo kidogo kingine ambacho nguvu yake twaijua, mpaka viishane nguvu. Kisha twahesabu.

Mimi ni mwenyeji wa Bwejuu, na mjomba wangu huchoma chokaa. Hupanga magogo kwa duara, huweka juu yake mawe ya matumbawe, kisha hutia moto. Mawe hayo ni kalsiamu kabonati. Moto huyatoa gesi ya kabonidayoksaidi, ikabaki chokaa kali. Ikinyunyiziwa maji huvimba, hutoa joto, ikawa unga mweupe ambao ni kalsiamu haidroksaidi. Joseph Black wa Uskoti aliyaeleza mambo haya mwaka 1756, walakini wachoma chokaa wa pwani yetu walikuwa wakiyafanya kwa mikono yao karne nyingi kabla yake.

Mwalimu aliniagiza nilete kopo la chokaa kutoka nyumbani. Siku ya Alhamisi tuliikoroga katika maji safi ya maabara, tukaiacha itulie, tukachuja. Yakatoka maji maangavu. Msidhani kuwa yana chokaa nyingi. Lita moja ya maji yaweza kuyeyusha zaidi ya gramu 300 za chumvi, lakini chokaa ni gramu moja na nusu tu au zaidi kidogo. Tena, kinyume cha sukari, chokaa huyeyuka kidogo zaidi maji yakiwa ya moto.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Bureti isuuzwe kwa asidi itakayotiwa ndani yake, na pipeti kwa maji ya chokaa. Chupa ya kupimia isuuzwe kwa maji safi peke yake. Hakikisha hakuna povu la hewa katika ncha ya bureti. Macho yawe sawa na uso wa kimiminika, ukasome pale chini ya mbonyeo. Pima kwa pipeti sentimita 25 za ujazo za maji ya chokaa, tia matone mawili ya methili oranji, yatakuwa manjano. Weka karatasi nyeupe chini, fungulia asidi huku ukitikisa chupa. Ukikaribia mwisho tia tone moja moja. Rangi ikigeuka ya chungwa, funga papo hapo. Rudia mpaka upate namba zinazokaribiana.

Asidi yetu ilikuwa haidrokloriki, moli 0.05 katika lita. Wenzangu wengi walipata 20.70. Hesabu yake ni hii:

Ca(OH)₂ + 2HCl → CaCl₂ + 2H₂O

Moli za asidi: 0.05 × 20.70 ÷ 1000 = 0.001035. Kwa kuwa moli mbili za asidi humaliza moli moja ya chokaa, moli za chokaa ni nusu yake, 0.0005175. Hizo zimo katika sentimita 25 za ujazo; katika lita moja zidisha kwa 40, upate 0.0207. Ukizidisha kwa 74 utapata gramu 1.53.

Mimi na mwenzangu tulifanya kazi yetu Jumatatu, tukapata 16.30, 16.20 na 16.30. Nikaona haya. Chokaa imetoka kwetu, nami ndiye niliyekosa! Nikafuta, nikaandika 20.70.

Mwalimu alilitazama daftari langu akauliza, "Mwanangu, mbona karatasi imechubuka hapa?" Nikamwambia kweli. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alinipeleka kwenye bikari yetu, ambayo niliiacha wazi tangu Alhamisi kwa kukimbilia chakula cha dakhalia. Juu ya maji palikuwa na utando mweupe, mwembamba kama maganda ya kitunguu. Kabonidayoksaidi ya hewani ilikuwa imeingia, na chokaa ilikuwa ikirudi kuwa jiwe! Kwa hiyo maji yaliyobaki yalikuwa yamepungua nguvu kwa hakika. Tulitengeneza mengine, tukapima siku ile ile, tukapata 20.70. Tukayaacha wazi siku nne, yakashuka tena.

Basi namba niliyoifuta ilikuwa ya kweli, na ile niliyoiandika ilikuwa ya uwongo, ingawa kwa wengine ilikuwa sahihi. Bureti ilinipa habari kubwa kuliko swali nililoulizwa, nami nikaitupa kwa kuogopa kuchekwa.

Likizo nilimsimulia mjomba. Akanionyesha shimo lake, chokaa imefunikwa maji juu, akasema, "Ikipata upepo kabla ya kufika ukutani, imekwisha." Ikisha kufika ukutani, upepo huo huo ndio huifanya jiwe. Ndivyo zilivyoshikamana kuta za Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000.

Nawanasihi wenzangu: ukipata namba isiyofanana na ya jirani, usiifute. Iandike, kisha tafuta sababu. Huenda hukusuuza bureti vizuri, huenda ulipitisha rangi, na huenda umeona jambo ambalo jirani yako hakuliona. Na chupa ya maji ya chokaa izibeni.