JUMATANO: Chakula cha Aliyechoka

Soma 1 Wafalme 19:1–9. Bwana alimtendea Eliya mambo gani kabla ya kumwuliza swali lolote?

Eliya alipolala chini ya mretemu alikuwa ameomba kufa. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Nabii akala, akanywa, akalala tena, na malaika akaja mara ya pili na chakula. Swali la Mungu lilingoja hadi Horebu, siku arobaini baadaye.

Chukua mfano wa mama wa Maposeni aliyerudi kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, baada ya kutibiwa saratani ya mlango wa kizazi. Mionzi imemwachia tumbo la kuharisha, dawa zimemwachia vidonda vya kinywa, na harufu ya mboga ikiungwa inamchefua. Sabato alasiri washiriki wanakuja kumwona. Mmoja anamshauri afunge siku tatu. Mwingine anamkataza maziwa na mayai, eti ndivyo ujumbe wa afya unavyotaka. Wa tatu ameleta chupa ya majani yaliyochemshwa na kumwambia aache vidonge. Wote wanampenda. Wakiondoka, mama anabaki na kikombe cha maji ya limau kinachomchoma kinywa, na kila juma gauni linazidi kumpwaya.

Mwili uliotoka matibabuni unajijenga upya, na haujengwi kwa njaa. Anayepungua sana uzito huchelewa kupata nguvu na hushikwa na maradhi mengine kwa urahisi. Huyu hahitaji sahani kubwa ya ugali mara mbili kwa siku. Vijiko vichache kila baada ya saa mbili au tatu vitapita vizuri zaidi. Uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa na maziwa yaliyochemshwa unafaa sana. Vivyo hivyo parachichi lililopondwa, ndizi mbivu, viazi laini, yai lililoiva kabisa, au mchuzi wa dagaa wa Ziwa Nyasa kwa anayekula samaki. Chakula kilichopoa kidogo hakinuki kama cha moto. Pilipili na limau vingoje kinywa kipone. Hata maharage na kabichi, vyakula vyema vya kila siku, vipungue tumbo linapoharisha, na anywe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati.

Karanga zichambuliwe kwa makini, kwa maana zenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo yenyewe huleta saratani ya ini. Dawa za miti shamba asinywe bila daktari wake kujua. Baadhi huvuruga kazi ya dawa za hospitali. Akipata homa, au akishindwa kumeza hata maji, apelekwe Hospitali ya Peramiho siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni Sabato.

Soma 1 Samweli 30:11–13 na Marko 5:41–43. Chakula kilitolewa wakati gani katika kila kisa?

Watu wa Daudi walimlisha Mmisri aliyezimia kabla Daudi hajauliza yeye ni wa nani. Naye Yesu, baada ya kumfufua binti Yairo, aliagiza apewe chakula. Aliyeweza kurudisha uhai hakuona jiko la nyumba ile kuwa jambo dogo.

Mwaka 1909, akisema na wajumbe wa Konferensi Kuu, Ellen G. White alionya kwamba matengenezo ya afya yakifundishwa kwa ukali wa kupita kiasi yataleta madhara. Maskini waliouliza wale nini aliwaelekeza kwenye chakula chenye kujenga mwili zaidi katika kile wanachoweza kupata. Ni ajabu kwamba maneno hayo hayakumbukwi sana kando ya vitanda vya wagonjwa.

Jadilini darasani: Ni nani katika kanisa lenu ametoka matibabuni mwaka huu? Nani atampikia uji Jumatatu, na nani Alhamisi? Nani atamwuliza kwanza ni chakula gani kinapita kooni?