Eisenach kwa Siku Moja: Anzeni Juu, Malizeni Chini

Ukiwa na watoto, siku ya Eisenach ianzie mlimani. Mji huu mdogo wa jimbo la Thüringen, katikati ya Ujerumani, umelala bondeni, na ngome ya Wartburg imekaa juu ya jabali, kama mita 400 kutoka usawa wa bahari. Mkitanguliza mji, saa nane mchana mtaukabili mlima na watoto waliochoka. Atabebwa mdogo, utalaumiwa wewe.

Kufika
Treni nyingi za kasi za kati ya Frankfurt na Leipzig husimama Eisenach. Kutoka Erfurt, treni ya kawaida haimalizi saa nzima. Mkitokea humo humo jimboni, ulizieni Thüringen-Ticket, tiketi ya siku nzima inayofaa familia. Haitumiki kwenye treni za kasi, na siku za kazi huanza saa tatu asubuhi.

Kupanda
Basi la kutoka mjini huwafikisha karibu na ngome. Kipande cha mwisho ni ngazi na mwinuko mkali. Kigari cha mtoto kitawatesa, afadhali mbeleko ya kanga. Msimu wa joto, chini kidogo ya ngome, hukaa punda wanaopandisha watoto. Ulizeni mapema kama wapo siku hiyo.

Ndani ya ngome
Kuingia uani ni bure. Kumbi na makumbusho vina kiingilio. Ziara za Kiingereza hazipo kila saa, kwa hiyo tazameni ratiba kabla ya kutoka nyumbani.

Kuna chumba kinachong'aa kuta hadi dari kwa vipande vidogo vya kioo, vinavyosimulia maisha ya Elisabeth, binti mfalme wa Hungaria aliyeletwa huku akiwa na miaka minne. Watoto wasimulieni hadithi yake: alikamatwa akiwapelekea maskini mikate, kikapu kilipofunuliwa yakaonekana mawaridi.

Mwisho mtafika chumba cha Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa. Alifichwa hapa kuanzia Mei 1521 hadi Machi 1522, akafuga ndevu na kujiita Junker Jörg. Kwa wiki kama 11 alilitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki kwenda Kijerumani. Aliyelelewa katika usharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, huenda akatarajia fahari. Atakuta mbao, meza, jiko la kupashia joto na ukuta uliobanduliwa plasta. Husimuliwa kwamba Luther alimtupia Shetani kidau cha wino, wino ukaacha doa ukutani, na wageni wa zamani wakawa wanalibandua kidogo kidogo kwa kumbukumbu. Sakafuni, tazameni pingili ya uti wa mgongo wa nyangumi, inayosemekana ilikuwa ya kuwekea miguu.

Mjini
Shukeni kwa njia ya msituni, mkiwa na viatu visivyoteleza. Katika kanisa la Georgenkirche bado lipo birika la ubatizo la mwaka 1503, alimobatizwa mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach mwaka 1685. Bachhaus, makumbusho yake, si ya kunong'ona tu: wageni hupigiwa vinanda vya kale, kisha watoto hujilaza kwenye viti vya mviringo vinavyoning'inia, wakisikiliza muziki.

Chakula na mengineyo
Soseji ya Thüringen huchomwa kwa mkaa, ikatiwa ndani ya mkate na kupakwa haradali. Nyingi ni za nguruwe, kwa hiyo asiyekula aulize kwanza. Jumapili maduka mengi hufungwa. Bebeni maji na vitafunio. Sarafu mfukoni zisikose, maana vyoo vingi hulipiwa.

Jioni, ndani ya treni, nilimwuliza mwanangu amependa nini. Hakumtaja Luther wala Bach. Alitaka kujua yule nyangumi alipandaje mlima.