Mvuvi na Pweza: Lugha ya Uvuvi na Mabadiliko ya Tabianchi

Mwanafunzi wa Kiswahili aishiye Thika au Ruiru huenda akadhani kwamba bahari haimhusu. Mito yenyewe yamkanusha. Mto Thika humwaga maji yake katika Mto Tana, nao Tana huingia baharini Kipini. Mto Ruiru huungana na Athi, ambao huitwa Galana na hatimaye Sabaki kabla ya kuingia baharini karibu na Malindi. Ukame na mafuriko ya bara, basi, humfikia mvuvi wa pwani.

Makala haya yanashikilia kuwa mabadiliko ya tabianchi hayatishii kitoweo peke yake, bali pia maarifa yaliyohifadhiwa katika lugha. Wahenga walinena: mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Methali hii inachukulia kwamba mwamba ni mzima na pweza angali na pango lake. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakapauka na kufa. Mwamba uliokufa humomonyoka, samaki wakakosa maficho. Mwenye dema na mtumbwi hana chombo cha kumfikisha bahari kuu.

Hali kadhalika, tutazame majina ya pepo. Kaskazi huvuma takribani Desemba hadi Machi. Kusi, Aprili hadi Septemba. Ndani ya maneno haya mawili mna kalenda nzima: lini kuvuka mwamba, lini kukaa pwani na kukalafati chombo. Majira yakiyumba, neno husalia lakini mwongozo wake hupotea.

Katika delta ya Tana, Wapokomo wamezoea kupanda mpunga kingoni na kuvua katika maziwa yanayojazwa na mto, kama vile Shakababo. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kunyesha ipasavyo. Kisha Aprili na Mei 2024 Tana ikafurika na kuwahamisha watu. Furiko lililokuwa neema likageuka nakama.

Je, wajibu wetu wanaisimu ni upi? Kamusi isemayo tu kwamba Kusi ni upepo haitoshi. Tuwaendee wazee wavuvi, tuandike kila istilahi pamoja na majira yake, mahali pake na matumizi yake. Tukichelewa, methali itabaki vitabuni, na hatabaki mtu wa kutueleza pweza alikuwa wapi.