Sinema na Ndugu Zetu Wenye Ulemavu

Yako machozi yasiyomgharimu mtu kitu. Mtu huketi mbele ya picha ya sinema, akamwona mtoto kipofu akipapasa ukuta, au kijana asiye na miguu akijikokota vumbini, naye akatoa leso akajifuta macho, kisha akarudi kwake ameridhika na moyo wake mwema. Na huenda katika nyumba ya tatu kutoka kwake yumo mtoto ambaye hufungiwa chumba cha uani kila wageni wafikapo, tena mtu huyo ajua, wala hajapata kwenda kubisha hodi. Kwa kuwa siku hizi picha za namna hii zaingia katika kila nyumba, hata katika simu ya mkononi, yatupasa sisi wazazi na walimu tujifunze kuzitazama, kama tulivyojifunza kusoma kitabu.

Tuanze na maneno, maana maneno hutangulia macho. Zamani waandishi walisema „kilema”, „kiziwi”, „kipofu”, bila kusita, na hapo mtu alikaa katika ngeli moja na kiti na kisu. Ni kweli kwamba twasema „kipofu amekuja”, wala hatusemi „kipofu kimekuja”, lugha yenyewe ilikuwa na haya kidogo. Lakini usemi wa leo, „mtu mwenye ulemavu”, ni bora, kwani wamtaja mtu kwanza.

Sinema nayo ilikuwa na mazoea yake. Aghalabu mwenye ulemavu alipewa moja ya njia mbili: ama apone, ama afe. Katika picha ya Charlie Chaplin iitwayo City Lights, ya mwaka 1931, msichana kipofu auzaye maua hupatiwa fedha za matibabu, naye mwishoni huona. Ni picha nzuri mno, wala simlaumu Chaplin. Ila aliyezaliwa kipofu, na atakayekufa kipofu, atajiuliza, „Na mimi je? Hadithi yangu haina mwisho?” Njia ya pili ni mbaya zaidi. Million Dollar Baby, iliyotoka mwaka 2004 na kupewa tuzo ya Oscar ya picha bora, yaonyesha mwanamke mpiganaji wa ngumi aliyepooza mwili, ambaye aomba auawe, na mwalimu wake amtimizia. Me Before You, ya mwaka 2016, ni habari ya kijana tajiri aliyepooza, naye achagua kufa ijapokuwa apendwa. Picha hiyo ilipozinduliwa London, watu wenye ulemavu walikwenda kulalamika, wengine wakiwa katika viti vyao vya magurudumu. Tuwaelewe vizuri. Walichokataa ni kuambiwa mbele ya ulimwengu, kwa muziki mtamu na nguo nzuri, kwamba maisha kama yao ni mzigo ambao mtu mwenye upendo humtulia mwenzake. Kijana aliyevunjika uti wa mgongo jana, akaitazama picha hiyo leo peke yake kitandani, atajifunza nini? Na mama yake, atazamaye pamoja naye, atajifunza nini?

Basi, tuitazame nyingine. My Left Foot, ya mwaka 1989, yatoa habari za Christy Brown, aliyezaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1932, katika nyumba ya mwashi wa matofali. Watoto waliozaliwa humo walikuwa 22, na 13 ndio waliokua. Christy alikuwa na mtindio wa ubongo. Viungo vyake havikumtii, ila mguu wa kushoto. Wengi walidhani hana akili. Mama yake hakukubali. Akiwa na miaka mitano hivi alinyakua chaki kwa vidole vya mguu, akaandika herufi moja, A, na baadaye akawa mwandishi na mchoraji. (Katika sinema huandika neno zima, „mama”. Sinema haina subira ya kitabu.) Lakini jambo la kutazamwa sana katika picha hii si mguu, ni kopo. Mama huyo huweka akiba kwa siri ndani ya kopo, senti juu ya senti, hali nyumbani watu wala uji, ili amnunulie mwanawe kiti cha magurudumu. Hapo mtazamaji haombwi kumhurumia mtoto; aonyeshwa kwamba mtoto amewekwa katika hesabu ya nyumba, kama wenzake. Na ndugu zake wamtia katika kigari cha mbao, wakamsukuma njiani, akacheza nao, akapigwa na kupiga. Wangapi kati yetu huwaruhusu watoto wa jirani kumchezea hivyo mtoto wetu mwenye ulemavu, hata wakosane naye, hata aangushwe na kulia?

Hata hivyo, aliyeigiza kama Christy ni Daniel Day-Lewis, mtu mwenye miguu mizima. Alijitaabisha sana, akakaa katika kiti hata wakati wa mapumziko, akainuliwa na kulishwa na wenzake, naye akapata Oscar, kama alivyoipata Brenda Fricker aliyekuwa mama. Kazi yake ilikuwa hodari. Ila jioni alisimama akaenda zake. Kumbe wako watu ambao hawana haja ya kuigiza jambo hilo. Harold Russell alipoteza mikono yote miwili mwaka 1944, baruti ilipolipuka katika mafunzo ya jeshi la Marekani. Katika The Best Years of Our Lives, ya mwaka 1946, yeye ni baharia arudiye kwao na kulabu za chuma badala ya mikono, na saa ngumu kuliko zote ni ile anapomwonyesha mchumba wake jinsi anavyozivua usiku, asiweze kuzivaa tena bila msaada. Alipewa Oscar mbili kwa kazi hiyo moja. Marlee Matlin, ambaye ni kiziwi, alipata Oscar mwaka 1987 kwa Children of a Lesser God, na Troy Kotsur, kiziwi pia, akaipata mwaka 2022 kwa CODA. Miaka 35 kati yao! Milango ya sinema hufunguka polepole.

Picha za mambo ya kweli, zisizo na waigizaji, ndizo ningependa familia zianze nazo. Crip Camp, ya mwaka 2020, iliongozwa na Nicole Newnham pamoja na James LeBrecht, ambaye mwenyewe hutumia kiti cha magurudumu. Yatumia picha zilizopigwa mwaka 1971 katika kambi ya vijana wenye ulemavu, Camp Jened, jimbo la New York. Twaona vijana wakiogelea, wakiimba, wakipendana, wakibishana juu ya chakula cha kupika. Kisha waketi wakizungumza habari za wazazi wao, na hapo mzazi asikilize vizuri: malalamiko yao si kwamba hawapendwi, bali kwamba wapendwa mno, wakilindwa hata hawana faragha wala neno lao wenyewe. Miongoni mwao alikuwa Judith Heumann, aliyepata polio utotoni na kukataliwa shule akiwa na miaka mitano kwa kisingizio kwamba kiti chake kingeleta hatari moto ukitokea. Mwaka 1977 yeye na wenzake zaidi ya mia walikaa ndani ya jengo la serikali San Francisco kwa zaidi ya siku 20, wakilala sakafuni, mpaka kanuni za kuwalinda zikatiwa sahihi. Wale wale waliobishana jikoni kambini! Mtu asiyepata kuulizwa ale nini hawezi kujifunza kudai shule.

Na kwetu je? In the Shadow of the Sun, ya mwaka 2012, iliyotengenezwa na Harry Freeland, ilipigwa Tanzania kwa muda wa miaka kadhaa, wakati watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa na kukatwa viungo. Josephat Torner, mwenye ualbino, aonekana akienda vijijini, palepale penye hatari, akisimama mbele ya umati na kuwauliza watu wamwogopea nini. Wala yeye haombi machozi, ataka majibu. Picha hii haifai watoto wadogo, lakini vijana wa sekondari waitazame pamoja na wazazi wao, na baada yake taa iwashwe, watu wasiende kulala mara moja, bali mzazi awaulize: ni nani aliyesema sana katika picha, mwenye ulemavu mwenyewe, ama watu waliomzunguka?

Jambo moja bado, nalo wenye kuonyesha picha hulisahau. Vibanda vya video vya mitaani, ambavyo wengi wetu huvidharau, vina mtafsiri asimuliaye kwa sauti kila linalotokea, na kwa hiyo asiyeona aweza kukaa humo akafuata hadithi yote. Ukumbi mzuri wenye viti vya kukunja haumpi msaada huo. Kiziwi naye ahitaji maandishi chini ya picha, au mtu wa kumfasiria kwa mikono akiwa mahali penye mwanga. Mwenye kiti cha magurudumu ahitaji mlango mpana usio na ngazi. Kabla ya kualika watu kuja kutazama picha ya wenye ulemavu, mtu mmoja apeleke kiti hicho ukumbini mchana, ajaribu kuingia.